Anacheza ngoma na shuka mbele ya mgeni rasmi, akiitwa kuchukua cheti anaambiwa akavae sare. Haki ya mwanafunzi kuvaa vazi la asili iko wapi?

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Mahafali ya kidato cha nne yanakaribia na shule zimeshaanza kukusanya michango. Kabla kadi hazijatoka, naomba tuzungumze jambo ambalo sijaliona likijadiliwa kwa uzito: mwanafunzi anayehitimu ana haki ya kuvaa vazi la asili la kwao anapoitwa mbele kuchukua cheti, au hana? Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mtoto wa dada yangu alisoma shule ya bweni mkoa mwingine, mbali na kwetu Longido. Siku ya mahafali alikuwa kwenye kikundi cha ngoma, na kwa kuwa ndiye Mmaasai pekee kwenye kikundi, ndiye aliyewafundisha wenzake kuruka na kuitikia. Wenzake walivaa shuka za shule. Yeye akavaa alizotumiwa na bibi yake: shuka mbili nyekundu za miraba na mkanda wa ngozi ulioshonewa ushanga mweupe na wa bluu. Bibi aliushona kwa mkono wake, akautuma kwa konda wa basi ukiwa umeviringishwa kwenye gazeti. Vijana walicheza vizuri, mgeni rasmi akainuka kuwatunza, simu zikarekodi. Ngoma ilipoisha mwalimu wa zamu akapita akiwaambia wahitimu wakavae sare haraka, majina yanaanza kuitwa. Kijana akaomba abaki na shuka zake. Akajibiwa hapa ni shule, mambo ya boma yameshaisha. Akaomba basi avae sare na kufunga ule mkanda tu juu ya shati. Nao ukakataliwa. Wakati huo mama yake alikuwa amekaa chini ya turubai la wazazi, ana shuka na ushanga shingoni, na hakuna aliyemwambia hajavaa inavyostahili.

Shule siitaji, na mwalimu yule sina ugomvi naye, alitekeleza alichoelekezwa. Ninachopinga ni utaratibu wenyewe, kwa sababu nimeuona shule nyingi.

Tazameni vizuri: shule zetu hazilikatai vazi la asili. Zinalitaka sana, ila zinalitaka kwenye burudani tu. Mgeni akija anapokelewa kwa ngoma, siku ya wazazi kuna ngoma, mwenge ukipita kuna ngoma. Nenda stoo ya shule uone kinachoitwa mavazi ya asili. Utakuta sketi za katani, kitambaa cha madoadoa ya chui kilichokatwa vipande vya kufunga kifuani, manyoya ya kuku yaliyopakwa rangi, na kopo la chokaa ya kupaka usoni. Hilo ni vazi la kabila gani? Hakuna mtu yeyote nchi hii aliyewahi kwenda kwenye harusi au msiba amevaa kitambaa cha chui cha dukani na chokaa shavuni. Ni picha ya Mwafrika iliyochorwa na watu wengine, na sisi tunawavisha watoto wetu wenyewe. Halafu mtoto mwenye vazi la kweli, lililoshonwa na bibi yake na linalovaliwa kwao katika mambo ya heshima, anaambiwa alivue sehemu ya heshima inapofika.

Mtoto anajifunza nini hapo? Anajifunza kwamba kwao ni pa kuchezea, na usomi una nguo zake nyingine. Hakuna mwalimu atakayeliandika hilo ubaoni, lakini mtoto amelielewa.

Haya hayakuanza jana. Shule za wamisionari na za wakoloni zilihesabu nguo kuwa kipimo cha ustaarabu, ukiingia getini unaacha ya kwenu. Linaloniuma ni kwamba tulipopata uhuru tuliendelea. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akilihutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasema utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Haikupita hata miaka sita, kati ya 1967 na 1968, mkoani Arusha ikaendeshwa kampeni ya kuwalazimisha Wamaasai waache shuka wavae suruali. Waliovaa shuka walizuiwa kupanda mabasi. Wazee wa kwetu bado wanaisimulia, na ukiwasikiliza utajua kwamba walichokikumbuka zaidi ni kudharauliwa mbele ya watoto wao.

Kisheria, Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, inakataza ubaguzi na inataja kabila na mahali mtu alipotoka. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 5, inampa mtoto haki ya kuishi bila kubaguliwa, na katika orodha yake mila na asili ya kabila zimo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia 1991, ibara ya 30 inasema mtoto wa jamii ya asili au ya wachache asinyimwe kufurahia utamaduni wake pamoja na wenzake wa jamii hiyo. Sisemi kwamba vifungu hivi vimetaja shuka siku ya mahafali. Nasema shule inayomvua mtoto vazi la kwao ndiyo yenye wajibu wa kueleza sababu. Si kazi ya mtoto na wazazi wake kujitetea.

Na ieleweke: sipingi sare. Siku za masomo sare ina faida kubwa, mtoto wa mkulima na wa mkurugenzi wanakaa dawati moja bila kupimana nguo. Nazungumzia sherehe tu. Mahafali, siku ya wazazi, siku ya kutoa zawadi, Siku ya Mtoto wa Afrika Juni 16. Siku ambazo familia nzima imealikwa.

Karibuni. Nataka hasa kuwasikia walimu.

#3

Mleta uzi, mimi ni mkuu wa shule mstaafu, nimeongoza shule za serikali mikoa minne. Umeandika kwa uchungu na nimekuelewa, lakini naomba na wewe utuelewe tuliokuwa upande ule.

Kwanza, ukiruhusu mmoja umeruhusu wote. Huyu atakuja na shuka, yule na kaniki, mwingine atasema vazi la kwao ni kifua wazi. Nani ataamua lipi ni vazi la asili na lipi amelibuni jana bwenini? Utanipa mimi kazi ya kuwa hakimu wa makabila?

Pili, usalama. Vazi la Mmaasai linaenda na sime na rungu. Mimi nina watoto mamia chini ya turubai moja.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu. Shule zetu za bweni zilijengwa kwa makusudi kuchanganya makabila. Nilipokea watoto waliofika hawajui hata jirani yao anakula nini, wakaondoka ndugu. Sare ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Tukianza kupanga watoto mstari wa vyeti kwa mavazi ya makabila yao, tutakuwa tunabomoa tulichokijenga kwa miaka sitini. Jirani zetu wamemwaga damu kwa ajili ya ukabila, na sisi tunajua tulivyoepuka.

Nne, watoto wa mjini ambao baba Mnyakyusa, mama Mpare, na wamezaliwa Temeke. Wao watavaa nini?

#6

Nachangia kutoka Unguja. Mwalimu hapo juu, shikamoo.

Kuhusu umoja nina la kusema. Huku kwetu wasichana wa shule za serikali wanavaa ushungi mweupe ndani ya sare yenyewe, na wavulana siku za sherehe za kidini wanavaa kanzu na kofia. Hakuna umoja uliobomoka. Na nyinyi wa bara mtoto wa Kiislamu akivaa hijabu shuleni mmeshazoea, kwa sababu ni dini, na dini mnaiogopa kuigusa. Kwa nini ushanga wa bibi uwe na thamani ndogo kuliko hijabu yangu? Mimi naona heshima yake ni ileile.

Jingine ni kuhusu kazi iliyomo ndani ya vazi. Kofia ya viua hushonwa kwa mkono. Mama anachora ua juu ya kitambaa cheupe, anatoboa tundu dogo dogo na kuzungushia uzi kila tundu, moja baada ya jingine, mpaka ua litokee. Kofia moja nzuri inachukua wiki kadhaa, nyingine miezi. Mama yangu aliwashonea ndugu zangu wote. Anayemwambia mtoto aivue kofia hiyo asogee mbele kichwa kitupu hajui amevua nini. Mkanda wa yule kijana nao ni vivyo hivyo.

#9 · Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Nashukuru umekuja kwa hoja, ndiyo maana nilisema nawataka walimu.

La silaha tumekubaliana tangu mwanzo. Sime, rungu, mkuki, upinde, vyote vibaki nyumbani. Kijana wangu hakuwa na hata fimbo. Ila naomba tuangalie jambo: kwenye kikundi cha ngoma shule ilikuwa imewapa vijana virungu vya kuchezea. Rungu la burudani likakubalika, mkanda wa ushanga kwenye cheti ukakataliwa. Basi usalama haukuwa sababu.

La mwili wazi pia ni rahisi. Shule iseme vazi lifunike kama sare inavyofunika. Shuka inafungwa vizuri, ndani unavaa fulana na kaptula, na ndivyo vijana wetu wanavyovaa siku hizi hata mnadani.

Kuhusu nani ataamua lipi ni la asili, Waafrika Kusini walishakutana na swali hilo mahakamani. Msichana mmoja wa Durban, wa ukoo wa Kihindi wenye asili ya Kitamili, alitobolewa pua na kuvaa kipini kwa mila ya wanawake wa familia yao. Shule ikasema kanuni hazina kipini. Mama akaenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama ya Katiba, chini ya Jaji Mkuu Pius Langa, ikampa haki katika kesi inayojulikana kama kesi ya Pillay. Mahakama haikusema sare ifutwe. Ilisema shule inatakiwa kutafuta nafasi ya kumpisha mtoto pale ambapo jambo ni la dini au la utamaduni wake kwa dhati na halileti madhara kwa shule. Shule ilidai nidhamu itavunjika. Majaji wakaangalia ushahidi: binti alikuwa amekaa na kipini chake shuleni kwa muda mrefu kesi ikiendelea, na nidhamu ilikuwa palepale. Wakaamuru kanuni za shule zirekebishwe ziwe na utaratibu wa kuomba ruhusa.

Kwa hiyo mwalimu hahitaji kuwa hakimu wa makabila. Mzazi anaandika barua mapema, anaeleza vazi ni lipi na la wapi, shule inalitazama, basi. Mwanafunzi aliyebuni vazi bwenini hataleta barua ya bibi.

Sasa umoja. Hapa naomba nipingane nawe kwa heshima zote. Watoto uliowalea wakawa ndugu hawakuwa ndugu kwa sababu walifichana kwao. Walikuwa ndugu kwa kulala bweni moja, kulima shamba moja la shule, kuugua na kuuguzana. Mmaasai wetu aliwafundisha wenzake ngoma ya kwao, na aliyeruka naye bega kwa bega ni Msukuma. Ukabila ni kumnyima mtu kazi au mume kwa sababu ya kabila lake. Mtoto kuonekana na shuka akichukua cheti cha serikali ya Tanzania mbele ya wenzake wa makabila mengine, mimi naona ndiyo umoja tunaoutaka, wa watu wanaojuana.

Kuhusu mtoto wa Temeke, hilo ni swali zuri na nitalirudia. Nasubiri wengine.

#11

Salamu kutoka Kenya, niko Kajiado. Hoja hii huku inawaka kila mwaka, acha niwape tulipofikia.

Sisi tuna bahati ya Katiba ya 2010. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Ibara ya 44 inasema kila mtu ana haki ya kutumia lugha na kushiriki maisha ya kitamaduni anayochagua. Lakini msiishie hapo, soma kifungu cha 3 cha ibara hiyohiyo: hakuna ruhusa ya kumlazimisha mtu kutenda au kupitia desturi yoyote. Hapo ndipo jibu la mtoto wa mjini lilipo. Asiyetaka asivae. Mtoto ambaye wazazi wake wameokoka na hawataki mambo ya ushanga asilazimishwe kuvaa shuka ati kwa sababu jina lake ni la Kimaasai. Nimeona shule zikifanya hivyo siku ya utamaduni, mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa vazi. Hilo pia ni kosa.

Mahakama zetu zimeenda mbele na nyuma. Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba msichana Mrastafari aliyefukuzwa na shule ya upili ya Nairobi kwa sababu ya rasta zake alikuwa ameonewa, akaamuru arudi darasani na nywele zake. Lakini Januari mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilikuwa imetupa uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2016 uliowaruhusu wasichana wa Kiislamu wa shule moja ya kanisa kule Isiolo kuvaa hijabu. Ilisema suala hilo halikuletwa mbele ya mahakama kwa njia iliyo sawa. Kwa hiyo mlango haujafungwa, ila haujafunguka kabisa pia.

Na angalieni wakubwa wanawafundisha nini watoto. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya asili ya Kiafrika bungeni. Kanuni inataka koti, kola na tai. Mwalimu wa kijijini akisikia hivyo kwenye redio, atamruhusu vipi mwanafunzi wake avae shuka siku ya zawadi? Kwangu huo ulikuwa uamuzi mbaya kuliko yote, kwa sababu ulitoka kwa watu wanaovaa ushanga wetu na kushika rungu wakija kuomba kura.

#14

Nawasalimia wote, mimi ni mtu wa Bukavu, ninaishi Colorado na jamaa yangu. Naomba niseme ya huku, kwa sababu vita hivi wenyeji wa Marekani wamevipigana kabla yetu na sisi tumefaidika.

Wenyeji asilia wa huku, kwao mtoto akimaliza shule anaweza kupewa na wazee unyoya wa tai. Ni heshima kubwa. Tai analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1940, unyoya wake hauuzwi, na wenyeji wanaruhusiwa kuwa nao kwa ajili ya ibada na mila zao. Mtoto anaufunga kwenye kofia ya mahafali. Kwa miaka mingi shule ziliwaambia watoe, kofia iwe tupu kama ya wengine.

Ili uelewe kwa nini unyoya unawauma, ujue historia. Mwaka 1879 afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, alifungua shule ya bweni ya Carlisle kule Pennsylvania kwa watoto wa wenyeji. Mtoto akifika alinyolewa, akavuliwa nguo za kwao, akavalishwa sare ya kijeshi. Walipigwa picha mbili, ya siku ya kufika na ya baadaye, zikasambazwa kuonyesha kwamba shule imewabadilisha. Oktoba 2024 Rais Biden aliomba radhi rasmi kwa ajili ya shule hizo zote. Kwa hiyo mjukuu wa waliovuliwa akiambiwa na shule atoe unyoya, anasikia sauti ileile.

Walipambana jimbo kwa jimbo. Montana ilipitisha sheria 2017, California 2018. Oklahoma ndiyo ilikuwa ngumu: Mei 2023 Gavana Kevin Stitt, ambaye mwenyewe ni raia wa taifa la Cherokee, alikataa kutia sahihi, akisema wilaya za shule ndizo ziamue. Mwezi huohuo bunge la jimbo likapiga kura kumpita, sheria ikapita bila yeye.

Sasa sisi wahamiaji. Hapa Colorado sheria ya 2023 ilikuwa ya wenyeji asilia. Mwaka huohuo mwanafunzi mmoja wa shule ya upili alikatazwa kuvaa skafu yenye bendera ya Mexico upande mmoja na ya Marekani upande wa pili. Akaenda mahakamani kabla ya sherehe, jaji hakumpa zuio. Lakini kelele zile zilifika bungeni, na 2024 jimbo likapitisha sheria inayowapa wanafunzi haki ya kuvaa kitu chenye maana ya kitamaduni au ya kidini kwenye mahafali. Binti yangu alivaa joho la shule kama wenzake, na juu yake kikwembe alichokatiwa na shangazi yake, kimekunjwa kikashonwa kama skafu, kikaning'inia mpaka magotini. Mwalimu aliyemkabidhi diploma alimuuliza kitambaa kinatoka wapi, akamjibu kwa sauti mbele ya watu: Bukavu.

Angalieni vile California walivyoandika sheria yao: kipambo kinavaliwa pamoja na joho, hakichukui nafasi ya joho. Hiyo inaweza kuwasaidia nyinyi na walimu wenu kuelewana.

Na nimuunge mkono ndugu wa Kajiado kuhusu kulazimisha. Sisi Wakongo tunajua. Wakati wa Mobutu suti na tai zilipigwa marufuku, baba zetu wakavaa abacost, koti lisilovaliwa na tai, kwa amri mpaka 1990. Iliitwa kurudi kwenye asili, lakini hakuna mzee wangu aliyeipenda, kwa sababu hakuichagua.

#17

Mimi mzazi tu. Naunga mkono, ila naomba mjue jambo moja: shule zikisikia hivi zitaanzisha mchango mpya. "Mchango wa vazi la asili." Tayari tunachangia joho la kukodi hadi la chekechea, picha, keki, turubai. Mtoto wa chekechea anavaa joho na kofia ya chuo kikuu na hakuna anayeuliza hilo ni vazi la kabila gani. Tafadhali mleta uzi, liandike hilo la michango wazi kabisa, la sivyo tutaumia sisi.

Na wasichana je? Kuna mila nguo za mwali zinamtangaza kwamba yuko tayari kuolewa. Binti yangu wa kidato cha nne sitaki avalishwe hivyo mbele ya watu, hata shangazi zake wakisema ni asili.

#18

Mwalimu mstaafu tena. Nimesoma yote. Hili la kuvaa pamoja na sare, kama California, kwa kweli sikuwahi kulifikiria. Ningeletewa barua yenye ombi la mkanda juu ya shati, ningeipeleka kwenye bodi na nadhani ingepita. Vazi kamili bado lingenipa taabu. Huyo kijana alipoomba mkanda tu, angeruhusiwa.

#20 · Mleta uzi

Ahsante mwalimu. Maneno yako hayo nitamfikishia dada yangu, yatampa faraja.

Dada uliyeandika #17, umesema kweli kwenye yote mawili. Sheria ya Mtoto hiyohiyo ninayoitegemea, kifungu cha 13, inamlinda mtoto dhidi ya mila zinazomdhuru. Vazi linalomtangaza binti wa shule kuwa tayari kwa ndoa halina nafasi kwenye mahafali, na anayelileta kwa jina la utamaduni nitampinga mimi wa kwanza. Mtoto na mzazi wake ndio wachague, siyo ukoo na siyo mwalimu wa michezo.

Mtoto wa Temeke mwenye baba Mnyakyusa na mama Mpare ana nafasi hapa kama wengine. Akitaka avae sare tu, awe huru. Akitaka ajifunge kanga ya bibi yake mabegani, ni yake. Akitaka kitenge, nacho ni chake. Hatuhitaji kumpangia.

Kwa vazi kamili bado nashikilia msimamo wangu, na sababu ni mama yake yule kijana aliyekaa chini ya turubai. Kama shuka inatosha kwa mzazi mwalikwa na inatosha kwa mcheza ngoma, inatosha kwa mhitimu. Lakini kama shule itaanza na kipande kimoja juu ya sare, nitaipokea hatua hiyo kwa mikono miwili.

Nimeandika rasimu ya kipengele cha kupeleka kwenye bodi za shule kabla ya mahafali. Mnisaidie kuirekebisha:

*"Mwanafunzi anayehitimu anaweza kuvaa vazi la asili la jamii yake, au kipande cha vazi hilo juu ya sare, wakati wote wa sherehe ikiwa ni pamoja na wakati wa kupokea cheti. Mzazi au mlezi ataijulisha shule kwa barua wiki mbili kabla. Silaha za aina yoyote haziruhusiwi, ziwe za asili au za maonyesho. Vazi litafunika mwili kwa kiwango kinachotakiwa kwenye sare. Hakuna mwanafunzi atakayelazimishwa kuvaa vazi la asili, na shule haitatoza mchango wowote kwa ajili ya mavazi hayo. Shule ikikataa ombi, itatoa sababu kwa maandishi."*

Hiyo sentensi ya mwisho naomba isiguswe. Kukataliwa kwa mdomo, dakika tano kabla ya jina lako kuitwa, mbele ya wenzako, ndiko kulikotufikisha hapa.

Walio kwenye bodi za shule au kamati za wazazi, chukueni mjaribu. Na kama shule yenu ina sheria ndogo au mwongozo wa kujiunga unaotaja mavazi ya siku ya mahafali, pigeni picha ukurasa huo mfute jina la shule, muuweke hapa tuusome pamoja.